Ana hasira za karibu: Ni tabia au ni ugonjwa?

KISWAHILI kina akiba kubwa ya maneno ya kumweleza mtu aliyeudhika. Anayekataa chakula kwa sababu ameambiwa neno baya amesusa. Anayekaa kimya huku uso umemvimba amenuna. Anayeficha uchungu moyoni kwa miezi ana kinyongo. Anayenung'unika na kuteta mchana kutwa kwa jambo dogo ana gubu. Na yule anayewaka ghafla kabla hajasikia hata neno la pili, huyo amehamaki.

Katika mitaa ya Nairobi, Nakuru au Kisumu ni nadra kulisikia neno hamaki. Watu husema hivi: "Huyo mwache, ana hasira za karibu."

Msomaji, sentensi hiyo fupi ndiyo ninayotaka tuitazame wiki hii. Wengi wetu huitumia kama hukumu. Tukishaisema, mazungumzo yamekwisha. Mtu amejulikana alivyo na hakuna cha kuuliza zaidi. Kwa daktari, hata hivyo, sentensi hiyo ni mwanzo wa maswali. Hasira za karibu zaweza kuwa tabia ya mtu tangu utotoni. Zaweza kuwa dalili ya ugonjwa ambao dawa yake ipo. Na zaweza pia kuwa kisingizio tu. Asiyetofautisha mambo haya matatu humwacha mgonjwa bila tiba, au humvumilia mkorofi kwa jina la ugonjwa.

MAANA YA NENO

Kamusi hueleza hamaki kuwa hasira ya ghafla. Neno lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya upumbavu, na mzizi huo huo ndio uliotupa neno ahmaki, yaani mtu mpumbavu. Wahenga nao walimtazama mkizi, samaki ambaye huruka juu kwa hasira na kuangukia chomboni, wakasema kwamba hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Kila aliyesoma shule ya msingi nchini Kenya aliikariri methali hiyo.

Ni muhimu kukumbuka kwamba hasira na hamaki si kitu kimoja. Hasira ni hisia ya kawaida na ina kazi yake. Mtu akikunyakulia simu dirishani mwa matatu, au mwajiri akikaa na mshahara wako miezi miwili, una haki ya kukasirika. Asiyekasirika hata kidogo katika hali kama hizo ndiye anayetutia wasiwasi.

Hamaki hutambulika kwa mambo matatu. Kwanza, huja upesi mno. Pili, huwa kubwa kuliko kosa lenyewe. Tatu, na hili ndilo husahaulika, huanzia katika tafsiri. Mwenye hamaki huona dharau mahali ambapo wengine wameona bahati mbaya tu. Jirani amepita bila kumsalimu. Yeye haoni kwamba jirani ana mawazo yake, bali huona kwamba amepuuzwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Dodge, alionyesha jambo hili mwaka 1980 alipowachunguza wavulana wa shule. Wale waliojulikana kwa ukali, walipofikwa na kisa kisichoeleweka kama kilikusudiwa au la, walielekea kuamini kwamba walifanyiwa makusudi.

KINACHOTOKEA MWILINI

Unapoona tishio au dharau, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, yenye umbo la lozi, hupiga mbiu ya hatari. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, presha ya damu hupanda, misuli hukaza na ini hutoa sukari ili mwili uwe na nguvu za kupigana au kukimbia. Yote haya hutokea kwa muda mfupi sana.

Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya kipaji cha uso, ndiyo breki. Kazi yake ni kupima: je, huyu amenitukana kweli? Nikimjibu hivi, kesho itakuwaje? Kwa mtu mzima mwenye afya, breki hiyo hushika kabla mdomo haujafunguka.

Lakini breki hii huchoka. Hulegezwa na ukosefu wa usingizi, pombe, njaa, maumivu ya muda mrefu, madawa fulani, na hata pigo la kichwa. Ndiyo sababu magonjwa mengi yasiyohusiana hata kidogo huishia kuonekana nyumbani kwa sura moja: baba, mama au kijana ambaye haguswi.

SWALI LA KWANZA: TANGU LINI?

Mtu akiletwa kwangu kwa sababu ya hasira za karibu, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni siku zilipoanza. Aliyekuwa hivyo tangu darasa la tatu, ambaye hata mama yake anakumbuka alivyokuwa akirusha sahani, yawezekana hiyo ni tabia yake, ingawa hata tabia hurekebishika. Lakini mtu aliyejulikana kwa upole miaka thelathini, kisha katika miezi michache akageuka kuwa mtu wa kufoka kila jioni, huyo apimwe. Tabia ya mtu mzima haibadiliki hivi hivi tu.

Hapa ndipo neno letu hudhuru. Watu wa nyumbani husema "siku hizi amekuwa na hasira za karibu" na kunyamaza, ilhali ufunguo wa jambo zima umo katika yale maneno mawili ya mwanzo: siku hizi.

SWALI LA PILI: KUNA NINI KINGINE?

Hasira peke yake haimwambii daktari mengi. Huwa na maana inapofuatana na dalili nyingine. Ifuatayo ni mifano ambayo kila familia yafaa kuijua.

Tezi ya shingo. Chini ya kikoromeo kuna tezi inayoongoza kasi ya kazi za mwili. Ikizidisha homoni, mtu huwa kama gari lililokanyagwa mafuta bila kuachiliwa. Moyo humwenda mbio hata akiwa ameketi, hutokwa na jasho, mikono hutetemeka, hukonda ingawa anakula vizuri, hakai mahali penye joto, na huudhika kwa kila kitu. Pengine shingo huvimba au macho hutokeza. Aina moja ya ugonjwa huu ilielezwa na daktari Robert Graves wa Dublin mwaka 1835. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hugunduliwa kwa kupima damu, na unatibika.

Sukari kushuka. Mgonjwa wa kisukari anayedungwa insulini au kumeza baadhi ya tembe za kushusha sukari aweza kubadilika ghafla na kuwa mkali, mbishi na mwenye kuchanganyikiwa, huku akitetemeka na kutokwa na jasho. Usibishane naye. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu gilasi ya soda yenye sukari, kisha umpime tena baada ya dakika 15. Akiwa amezirai, usimtie kitu chochote kinywani, mkimbize hospitalini.

Sonona. Wengi hudhani kwamba mwenye sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoisha, ni lazima awe analia. Kwa wanaume wengi, na kwa vijana wa kiume na wa kike, huzuni hiyo huvaa vazi la hasira. Ikiwa mtu amekuwa mwepesi wa kuudhika kwa zaidi ya majuma mawili, na papo hapo amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, halali vizuri au analala kupita kiasi, na anasema kwamba maisha hayana maana, huyo anahitaji msaada. Na asiogope kwamba kumwona daktari wa akili ni kufungiwa Mathari. Wengi hutibiwa wakiwa wanaenda kazini kila siku.

Usingizi. Mkazi wa Kitengela au Ruiru anayeamka saa kumi alfajiri ili aupite msongamano wa magari, na kurudi nyumbani saa tatu usiku, hudaiwa usingizi mwaka mzima. Mwingine hulala saa nane lakini hukoroma kwa kishindo na pumzi humkatika mara kwa mara usiku bila yeye kujua. Huamka na kichwa kizito, husinzia mchana na hufoka ovyo. Mke au mume anayelala kando yake ndiye shahidi wa kwanza. Amwambie daktari alichosikia.

Pombe na miraa. Mlevi wa kila siku huwa mkali zaidi asubuhi, kabla hajatoa loki, kwa sababu mwili unadai kile ulichozoeshwa. Mtafunaji wa miraa naye huchangamka kwa saa kadhaa, halafu stimu zikimwishia huingia katika uchovu, huzuni na ukali wa siku ya pili. Lakini anayekunywa pombe nyingi kila siku asiache kwa ghafla akiwa peke yake, maana aweza kupatwa na kifafa; aache chini ya uangalizi wa daktari.

Masikio. Mzee anayepoteza uwezo wa kusikia huona midomo ya watu ikienda na hasikii kinachosemwa. Wakicheka, hudhani anachekwa. Wakinong'ona, hudhani anasengenywa. Watoto wake husema mzee amekuwa na hasira za karibu, ilhali anachohitaji ni kuondolewa nta masikioni au kupewa kifaa cha kumsaidia kusikia.

Ubongo wenyewe. Abiria wa bodaboda aliyeanguka na kuumia kichwa aweza kupona jeraha la nje, lakini akarudi nyumbani akiwa mtu mwingine: hana subira, hutukana, hutupa vitu. Vivyo hivyo, baadhi ya magonjwa ya usahaulifu huanza na mabadiliko ya tabia kabla ya kusahau, na aina moja huwapata hata watu wasiotimiza miaka 65.

Madawa. Prednisolone, inayotumiwa kwa pumu na maradhi mengine mengi, na levetiracetam, inayotumiwa kwa kifafa, ni miongoni mwa dawa zinazoweza kumfanya mtu awe mkali. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa sababu kuiacha ghafla kwaweza kuleta hatari kubwa kuliko hasira. Mweleze daktari aliyekuandikia.

Wanawake nao hupitia vipindi ambapo homoni hubadilika: siku chache kabla ya hedhi, baada ya kujifungua, na miaka ya kuelekea ukomo wa hedhi. Mabadiliko hayo ni ya kweli na yana matibabu. Lakini nawasihi waume, mabosi na hata madaktari wenzangu wasiyatumie kama kifuniko cha kila sufuria. Mwanamke aliyekasirika kwa sababu amenyimwa haki yake hahitaji kuulizwa tarehe za mwezi.

SWALI LA TATU: KWA NANI?

Hili ni swali ambalo familia hazipendi. Je, mtu huyu humlipukia kila mtu, au huwalipukia baadhi tu?

Mwenye tezi iliyozidi nguvu au jeraha la ubongo hachagui sana. Humfokea mke, kondakta, mchungaji na hata askari wa trafiki. Lakini yuko yule ambaye hutukanwa na bosi mchana kutwa akajibu "ndiyo, bwana", hukatiwa njia barabarani akatabasamu, kisha akifika nyumbani huvunja vyombo na kumpiga mkewe kwa sababu chai imepoa. Breki zake zafanya kazi barabara. Yeye huchagua mahali pa kuziachilia.

Mara nyingi jamaa humtetea mtu kama huyo. Husema, "Ana hasira za karibu tu, lakini moyo wake ni mweupe." Maneno hayo yamewaweka wanawake na watoto wengi katika hatari. Kupiga si dalili ya ugonjwa. Ni kosa la jinai. Kama wewe ndiwe unayeishi na mtu wa namna hii, kazi ya kwanza si kumtafutia dawa bali kujihifadhi. Nambari ya simu 1195 hupokea ripoti za dhuluma za kijinsia na za nyumbani bila malipo, na katika vituo vingi vya polisi kuna dawati la jinsia.

Swali hili hufaa pia kugeuzwa. Ni nani anayesema fulani ana hasira za karibu? Mara nyingine anayesema ndiye anayemkosea. Mfanyakazi wa nyumbani anayelala saa sita na kuamka saa kumi na moja, akilalamika, huitwa mwenye hasira. Mtoto anayedhihakiwa kila siku kwa sababu ya kigugumizi, siku anapojibu kwa ngumi, ndiye anayeitwa ofisini. Kabla ya kumpa mtu jina hilo, hesabu alichovumilia kabla hajafoka.

JE, HASIRA NI PRESHA?

Tumezoea kusema "usinipandishe presha" tukimaanisha usiniudhi. Usemi huu umewapotosha wengi. Ni kweli kwamba hasira hupandisha presha kwa muda. Lakini ugonjwa wa presha ni kitu kingine: ni damu kusukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi siku zote, na mara nyingi hauna dalili yoyote. Mpole kabisa aweza kuwa na 180 kwa 110 bila kujua, na mkali akawa na 120 kwa 80. Usimkadirie mtu presha kwa kumtazama sura. Mpimeni, na ikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, atibiwe.

Hata hivyo, moyo hauachwi salama na hasira. Mwaka 1959 madaktari Meyer Friedman na Ray Rosenman wa San Francisco waliandika kwamba watu wa haraka, washindani na wepesi wa kukasirika hupata maradhi ya moyo zaidi. Uchunguzi wa baadaye haukuiunga mkono hoja yao yote, lakini uhasama, yaani ile desturi ya kumwona kila mtu kuwa adui, uliendelea kuhusishwa na moyo mgonjwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikusanya matokeo ya tafiti kadhaa wakaona kwamba katika saa mbili baada ya mtu kulipuka kwa hasira, uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo hupanda karibu mara tano. Kwa kijana mzima, hatari ya mlipuko mmoja bado ni ndogo. Kwa mwenye presha, mvutaji sigara au mgonjwa wa moyo anayelipuka kila siku, hesabu hiyo hujumlishwa.

UFANYE NINI

Ukiona hali hii imekuanza, fanya mambo haya.

Andika kwa majuma mawili: ulikasirika saa ngapi, ulikuwa umelala saa ngapi, umekula nini, umekunywa nini, na nani alikuwepo. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Jifunze kuondoka kabla ya mlipuko, na useme unakokwenda: "Nimekasirika, natembea kidogo, nitarudi tuzungumze." Ukiondoka kimya utaonekana umesusa. Vuta pumzi polepole, na utoaji wa pumzi uwe mrefu kuliko uvutaji.

Jiulize swali moja: je, kuna maelezo mengine? Labda hakukusikia. Labda naye amelala njaa. Washauri nasaha hufundisha zoezi hili kwa majuma kadhaa na huwafaa watu wengi.

Usifuate ushauri wa kupiga mto au kuvunja kitu ili "kuitoa" hasira. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman wa Marekani alionyesha kwamba waliopiga mfuko wa mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi walizidi kukasirika. Kutembea kwa nusu saa bila kumfikiria mtu huyo kuna faida zaidi.

Na mambo ya karo, kodi na madeni msiyazungumze saa nne usiku mkiwa na njaa. Yangojeni Jumamosi asubuhi baada ya chai.

USINGOJE

Nenda hospitalini siku hiyo hiyo iwapo mabadiliko ya tabia yamekuja pamoja na homa, maumivu makali ya kichwa au shingo kukakamaa. Iwapo yametokea siku chache baada ya kuumia kichwa. Iwapo mtu anazungumza juu ya kujiua au kuua. Au iwapo baada ya hasira ameshikwa na maumivu ya kukaba kifuani yanayosambaa hadi mkononi au tayani, pamoja na jasho jembamba. Mtoto mchanga mwenye homa anayelia bila kutulizika naye asingoje kesho.

Kwa wengine wote, muoneni daktari wa kawaida na mmwombe awapime presha, sukari, wingi wa damu na, akiona inafaa, homoni za tezi ya shingo. Mgonjwa asende peke yake ikiwezekana. Afuatane na mtu anayeishi naye, kwa maana mwenye hasira za karibu mara nyingi hajui zilianza lini. Anayejua ni yule aliyekuwa akizipokea.